Kirusi Kilichokuwa Sugu Bila Kukutana na Dawa: Uchambuzi wa Kisa cha Mafua ya H1N1, 2007–2009

Mwishoni mwa Januari 2008 Norwei ilitoa taarifa iliyowashtua wataalamu wa mafua. Sampuli za kwanza za virusi vya H1N1 vya msimu zilizopimwa katika majira yale ya baridi zilionyesha kwamba vingi kati ya virusi hivyo havikuzuilika tena kwa oseltamiviri, dawa ambayo serikali nyingi zilikuwa zimeilimbikiza ghalani kwa hofu ya mlipuko wa mafua ya ndege. Msimu ulipomalizika, takriban theluthi mbili ya virusi vya H1N1 vilivyochunguzwa nchini humo vilikuwa sugu. Kilichotatiza zaidi ni kwamba Norwei ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitumia dawa hiyo kwa nadra sana, na wagonjwa waliokutwa na kirusi sugu hawakuwa wameimeza. Japani, iliyokuwa ikiongoza duniani kwa matumizi ya oseltamiviri, ilikuwa na virusi sugu vichache mno katika msimu huohuo.

Kwa kawaida tunaeleza usugu kwa njia nyepesi: dawa hutumika kwa wingi au vibaya, vimelea dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Maelezo hayo hayatoshi hapa, kwa sababu uhusiano kati ya matumizi na usugu ulikuwa kinyume kabisa na ulivyotarajiwa. Kwa maoni yangu kisa hiki hakieleweki mpaka mtu aache kuitazama dawa peke yake na kuangalia jinsi kirusi cha mafua kinavyoingia ndani ya seli na kinavyotoka, kwani katika kirusi hiki mambo hayo mawili yanategemea kitu kimoja, na anayegusa moja huwa ameligusa na la pili.

Sukari moja, kazi mbili

Uso wa seli za njia ya hewa umefunikwa na minyororo ya sukari iliyoshikamana na protini na mafuta ya utando wa seli. Mwishoni mwa mingi ya minyororo hiyo huwa kuna sukari iitwayo asidi ya siali. Kirusi cha mafua, ambacho upana wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kimezungukwa na utando wa mafuta wenye protini mbili kuu zilizochomoza nje. Ya kwanza ni hemaglutinini, ambayo ndiyo nyingi zaidi. Ya pili ni neuraminidasi. Herufi H na N katika majina kama H1N1 zinatokana na protini hizi.

Hemaglutinini hushika asidi ya siali. Mshiko wa molekuli moja ni dhaifu mno kiasi kwamba peke yake usingekizuia kirusi kuteleza na kwenda zake. Nguvu hutokana na wingi: kirusi hutua kikiwa na mamia ya molekuli hizo, na kadhaa zikishika kwa pamoja kinang'ang'ania kama mbegu za kishonanguo zinavyong'ang'ania vazi. Baada ya hapo seli yenyewe hukimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo kiitwacho endosomu. Seli hufanya hivyo kila wakati kwa vitu vingi vinavyougusa uso wake, na kirusi kinaitumia desturi hiyo.

Ndani ya endosomu hali hubadilika. Seli husukuma protoni kuingia kifukoni, na asidi huongezeka hadi kipimo cha pH kufikia kati ya 5 na 5.5. Hapo hemaglutinini, ambayo awali ilishakatwa sehemu mbili na vimeng'enya vya mwili, hubadilika umbo kwa ghafla. Sehemu yake iliyokuwa imefichika hufyatuka na kujichomeka katika utando wa endosomu, kisha molekuli hujikunja na kuzivuta tando mbili, ule wa kirusi na ule wa kifuko, mpaka zikaungana. Wakati huohuo protini ndogo iitwayo M2, ambayo ni tundu la kupitishia protoni, huruhusu asidi kuingia hadi ndani ya kirusi na kulegeza viungo vinavyoshikilia jeni zake. Vipande vinane vya RNA, yaani jeni zenyewe, vinaachiliwa, navyo vinaelekea kwenye kiini cha seli, ambako nakala mpya zitatengenezwa. Dawa za zamani za mafua, amantadini na rimantadini, ziliziba tundu hilo la M2. Nitazirejea kwa sababu zilishatoa onyo ambalo halikusikika vya kutosha.

Kutoka kunafanyika kwa njia nyingine. Kirusi cha mafua hakihitaji kuipasua seli ili kitoke. Protini mpya na vipande vya RNA hukusanyika chini ya utando wa nje wa seli, upande unaoelekea kwenye mfereji wa hewa. Utando hapo huvimba, huchomoza kama chipukizi, kisha M2 husaidia kulikata shingo lake. Kirusi kipya kinakuwa kimejivika utando wa seli iliyokizaa. Lakini utando huo umejaa asidi ya siali, na juu ya kirusi kuna hemaglutinini mamia zilizo tayari kuishika sukari hiyohiyo. Bila msaada, kirusi kilichozaliwa sasa hivi kingebaki kimenata kwenye seli mama, na virusi ndugu vingeshikana vyenyewe kwa vyenyewe kuwa bonge.

Msaada huo ndio kazi ya neuraminidasi. Ni kimeng'enya kinachokata asidi ya siali kutoka kwenye minyororo ya sukari, hivyo kukiondolea kirusi cha kushika. Protini moja inafunga, nyingine inafungua, na zote zinafanya kazi juu ya sukari ileile.

Jambo hili lilionekana kwa macho miongo mingi kabla ya mtu yeyote kujua maumbo ya molekuli hizi. Mwaka 1941 George Hirst, akifanya kazi New York, aligundua kwamba virusi vya mafua vikichanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku hufanya chembe hizo zishikane na kuganda. Ikiwa mchanganyiko umewekwa kwenye baridi, mshikamano hubaki. Ukipashwa hadi joto la mwili, virusi hujitoa na chembe hutawanyika tena. Kilichovutia ni hatua iliyofuata: virusi vilivyojitoa viliweza kugandisha chembe mpya bila shida, ilhali chembe zilizoachwa hazikuweza tena kugandishwa na virusi vya aina ileile. Maana yake ni kwamba virusi havikuharibika. Chembe ndizo zilizonyang'anywa kitu. Kitu hicho kilikuja kujulikana kuwa asidi ya siali, na kilichokiondoa ni neuraminidasi. Jaribio hilo la chombo kimoja lina ndani yake kuingia na kutoka kwa kirusi, na nadhani lingestahili kukumbukwa zaidi wakati dawa zilipoanza kubuniwa.

Dawa ya kuziba njia ya kutokea

Umbo la neuraminidasi lilichorwa kwa undani mwaka 1983 na watafiti wa Australia, Peter Colman akiwa mmoja wao. Walikuta shimo katikati ya kichwa cha molekuli, mahali sukari inapoketi na kukatwa, na kuta za shimo hilo zilikuwa zilezile katika aina nyingi za mafua. Zilitengenezwa molekuli zinazofanana na asidi ya siali lakini zisizokatika, ili zikae shimoni na kuliziba. Zanamiviri, inayovutwa kama unga, na oseltamiviri, inayomezwa, ziliidhinishwa Marekani mwaka 1999.

Kati ya dawa hizo mbili kuna tofauti ndogo ambayo ndiyo kiini cha kisa chetu. Zanamiviri inafanana sana na sukari ya asili. Inaingia shimoni bila kulazimisha kitu chochote kusogea. Oseltamiviri ilipewa mkia wenye asili ya mafuta badala ya sehemu mojawapo ya sukari. Mkia huo hauna nafasi shimoni mpaka asidi amino moja (kijenzi kimoja cha protini), glutamati iliyo katika nafasi ya 276 kwa hesabu ya neuraminidasi ya aina ya N2, igeuke pembeni na kuuachia mfuko. Neuraminidasi ya kawaida hugeuka hivyo kwa urahisi, na dawa hukaa.

Sasa tuangalie badiliko lililokutwa Norwei. Katika nafasi ya 275, kwa hesabu ya N1, histidini ilikuwa imebadilika kuwa tairosini. Wataalamu huliita badiliko hilo H275Y: herufi ya kwanza ni asidi amino ya awali, namba ni nafasi yake, na herufi ya mwisho ni asidi amino mpya. Tairosini ni kubwa zaidi. Kwa ukubwa wake inaisukuma ile glutamati jirani kuelekea shimoni, na mfuko ambao mkia wa oseltamiviri uliuhitaji haufunguki tena. Sukari ya asili haihitaji mfuko huo, kwa hiyo kimeng'enya kinaendelea na kazi yake. Zanamiviri nayo haiuhitaji, na kwa sababu hiyo virusi sugu vya Norwei viliendelea kuzuiliwa nayo vizuri.

Hesabu iliyokosewa

Badiliko la H275Y halikuwa geni mwaka 2008. Lilishaonekana maabarani na kwa baadhi ya wagonjwa waliotibiwa, na lilishapimwa. Kirusi cha H1N1 cha miaka ya 1990 kilichowekewa badiliko hilo kilizaana kwa shida kwenye seli za maabara na kilihitaji dozi kubwa zaidi ili kuambukiza wanyama. Hitimisho lililotolewa lilikuwa na mantiki yake: kirusi kinaweza kuikwepa dawa, lakini gharama yake ni kudhoofika, hivyo hakitasambaa. Mipango mingi ya kujihami na mlipuko ilijengwa juu ya imani hiyo.

Vipimo vyenyewe havikuwa na kasoro. Ugumu ulikuwa katika kuchukulia kwamba gharama ni sifa ya badiliko lenyewe, popote litakapotua, wakati kwa kweli ni sifa ya badiliko hilo ndani ya kirusi fulani chenye hemaglutinini fulani na neuraminidasi fulani. Virusi vya mafua hubadilika mwaka hadi mwaka. Kirusi cha 2007 hakikuwa kile cha miaka ya 1990, na hakuna aliyekuwa ameuliza kwa uzito iwapo gharama ingali ileile.

Dalili zilikuwapo. Watafiti walipovilea virusi maabarani pamoja na dawa za kuzuia neuraminidasi ili waone usugu utakavyozuka, mara nyingi badiliko la kwanza lilijitokeza kwenye hemaglutinini, wala si kwenye protini iliyolengwa. Hemaglutinini ilikuwa imepunguza nguvu ya mshiko wake. Kirusi kisichoshika sana hakihitaji kimeng'enya chenye nguvu ili kujinasua, kwa hiyo dawa ya kuziba njia ya kutokea ilijibiwa kwa kurekebisha namna ya kuingia. Baadhi ya virusi hivyo vilifika mahali vikazaana vizuri zaidi dawa ikiwapo kuliko isipokuwapo, kwa kuwa mshiko wao ulikuwa umelegea kiasi kwamba neuraminidasi isiyozuiliwa ilikata sukari kabla kirusi hakijaingia. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi hicho kwamba kuingia na kutoka ni mizani moja.

Mizani hiyo inahusu hata safari ya kuifikia seli. Njia ya hewa imefunikwa na ute wenye asidi ya siali tele, ambao kazi yake mojawapo ni kunasa vitu kama hivi. Neuraminidasi humsaidia mvamizi kupenya humo, na majaribio kwenye seli za njia ya hewa ya binadamu yalionyesha kwamba kuizuia hupunguza hata maambukizi ya mwanzo kabisa. Vitabu vinapokiita kimeng'enya cha kutokea tu, vinarahisisha kupita kiasi.

Basi nini kilikuwa kimebadilika katika kirusi cha 2007? Jibu lililo wazi zaidi lilitolewa mwaka 2010 na Jesse Bloom, Lizhi Ian Gong na David Baltimore. Walionyesha kwamba gharama ya H275Y haikutokana hasa na kimeng'enya kukata sukari vibaya. Badiliko hilo lilifanya neuraminidasi isikunjike vyema wakati wa kutengenezwa, na hivyo chache zaidi zikafika kwenye uso wa seli mahali ambapo kirusi huchipua. Kirusi kilitoka na vimeng'enya pungufu. Kisha walichunguza jinsi neuraminidasi ya H1N1 ilivyobadilika katika miaka iliyotangulia 2007, wakakuta mabadiliko mawili, R222Q na V234M, yaliyorudisha idadi hiyo karibu na ya kawaida. Mabadiliko hayo hayana uhusiano na dawa. Yalijitokeza kwa sababu nyingine na yakaenea kimyakimya, lakini yalipokwisha kuenea, H275Y iliweza kuingia bila kudai gharama. Watafiti wengine nao waliona katika virusi vya kundi hilo badiliko la D344N, linaloongeza uwezo wa kimeng'enya.

Hapo ndipo fumbo la Norwei linapofumbuka. Kirusi hakikuhitaji kukutana na dawa. Kilikuwa na neuraminidasi iliyozidi kidogo mahitaji yake, na H275Y ilikula ziada hiyo tu. Inawezekana hata kwamba badiliko lilisaidia kuirudisha mizani kati ya mshiko na ukataji, ingawa kiasi cha msaada huo ni suala ambalo wataalamu wamelijadili kwa tahadhari, na ningependelea kubaki upande wa tahadhari. Kilicho hakika ni kwamba gharama iliyotegemewa kuwa kinga ilikuwa imeondoka bila ya mtu kuitambua.

Kuenea kwake na hatua zilizochukuliwa

Baada ya Norwei mambo yalikwenda kwa kasi. Katika majira ya baridi ya 2008 upande wa kusini wa dunia, virusi vyote vya H1N1 vilivyopimwa Afrika Kusini katika taarifa za mwanzo vilikuwa sugu. Msimu wa 2008–2009 ulipofika Marekani, zaidi ya asilimia 99 ya H1N1 ya msimu ilikuwa hivyo. Ni jambo la nadra kirusi sugu kuufuta ukoo wake mzima usio sugu kwa muda wa misimu miwili, tena bila ya kusukumwa na dawa. Wagonjwa hawakuugua vibaya zaidi kuliko wale wenye kirusi cha kawaida, jambo linalokubaliana na maelezo ya hapo juu: hiki kilikuwa kirusi kilekile cha mafua, isipokuwa dawa moja haikukipata.

Kwa daktari aliye kitandani mwa mgonjwa hali ilikuwa ya kukera. Kipimo cha haraka humwambia kwamba mgonjwa ana mafua ya aina A, lakini hakimwambii kama ni H1N1 au H3N2, aina nyingine ya mafua ya msimu. Hapa ndipo lile onyo la amantadini linaporudi. Virusi vya H3N2 vilikuwa vimekwisha kuwa sugu kwa amantadini na rimantadini kupitia badiliko moja kwenye M2, nalo lilienea hata katika nchi ambazo dawa hizo hazikutumika sana. Januari 2006 mamlaka za afya za Marekani zilikuwa zimeshauri zisitumike tena. Kwa hiyo mwishoni mwa 2008 H3N2 ilizuilika kwa oseltamiviri lakini si kwa rimantadini, na nyingi za H1N1 za msimu zilikuwa kinyume chake. Tarehe 19 Desemba 2008 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitoa mwongozo wa muda: pale ambapo H1N1 inashukiwa, itumike zanamiviri, au oseltamiviri pamoja na rimantadini. Ulikuwa ushauri mzuri, ijapokuwa zanamiviri ya kuvuta haiwafai watoto wadogo wala wenye pumu, na rimantadini ina madhara yake kwa wazee.

Tatizo halikutatuliwa na mwongozo huo. Liliondoka pamoja na kirusi chenyewe. Aprili 2009 kilitambuliwa kirusi kipya cha H1N1 chenye asili ya nguruwe, ambacho neuraminidasi yake ilitoka kwenye ukoo tofauti na ilizuilika kwa oseltamiviri. Kilienea duniani na kukisukuma nje kile cha msimu, na usugu wote ule ukatoweka nacho. Kwa bahati, dawa zilizokuwa ghalani zikafaa tena.

Mtihani wa pili

Kirusi hicho kipya kimeshatoa majaribio yake. Katikati ya mwaka 2011, katika eneo la Newcastle nchini Australia, kulizuka kundi la wagonjwa wenye kirusi cha 2009 kilichobeba H275Y. Karibu asilimia 16 ya virusi vilivyochunguzwa huko vilikuwa sugu, na karibu wagonjwa wote waliokuwa navyo hawakuwa wametumia dawa kabla. Kundi kama hilo lilijitokeza Sapporo, Japani, katika msimu wa 2013–2014. Katika matukio yote mawili uchunguzi ulionyesha kwamba virusi hivyo vilibeba V241I na N369K, mabadiliko mengine yanayofanya kazi ileile ya kurudisha neuraminidasi kwenye uso wa seli. Historia ilielekea kujirudia.

Haikujirudia. Makundi hayo yalizimika, na ingawa V241I na N369K yaliendelea kuwapo katika virusi vingi vilivyofuata, ufuatiliaji wa dunia nzima umeendelea kukuta H275Y katika sehemu ndogo sana ya sampuli. Ninachosoma hapo ni kwamba mabadiliko wezeshi, yaani yale yanayoiondolea H275Y gharama yake, ni sharti la lazima lakini hayatoshi. Mabadiliko mengine ya neuraminidasi yaliyokuja baadaye, N386K likiwa mojawapo, yalipunguza tena uthabiti wake na kurudisha sehemu ya gharama, na hemaglutinini nayo haikukaa vilevile. Kwa sababu hiyo maabara zinazofuatilia mafua hazitafuti H275Y peke yake. Zinasoma jeni zote mbili za uso wa kirusi kwa pamoja, zinapima kiasi cha dawa kinachohitajika kukizuia kimeng'enya, na pale badiliko linapotiliwa shaka, zinaangalia pia nguvu ya mshiko wa hemaglutinini iliyoandamana nalo.